Mbegu na nafaka zilizooteshwa kwenye mapishi ya kila siku: tuelezane zinavyofanya kazi

#1 Kijiko_Kimoja

Wakuu, salaam.

Humu ndani haipiti wiki bila mtu kuuliza mbegu gani inaongeza damu, ipi inasafisha tumbo, ipi inashusha sukari. Majibu yanamiminika kwa majina matupu: kula chia, kula flaksi, tafuta ngano iliyoota. Namna ya kuziandaa haisemwi, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mbegu imeumbwa isimeng'enywe kirahisi. Ndani kuna mche na akiba yake ya chakula, nje kuna ganda la kuvilinda, na sehemu kubwa ya madini imefungwa na fitati, kemikali ya asili ya mbegu inayoshika madini, ikisubiri siku ya kuota. Anayeimeza kama ilivyo mara nyingi anaibeba tu na kuitoa. Faida inaanza pale unapoifungua, iwe kwa kusaga, kutwanga, kuloweka au kuotesha.

Nianze na mbegu za kitani, hizo ambazo pakiti nyingi zinaziita flaksi. Zikiwa nzima ni ndogo, ngumu na zinateleza kwenye meno, kwa hiyo nyingi zinapita zilivyo. Zisage kavu kwenye mashine ya kahawa au ya viungo, kwa mipigo mifupi, zisipate moto zikaanza kutoa mafuta na kugandamana. Kijiko kikubwa kimoja cha unga huo, kama gramu 7, kina karibu gramu 1.6 za omega-3 aina ya ALA. Hicho ndicho kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa mwanaume mzima kwa siku. Kwa mwanamke ni gramu 1.1. Ila tusidanganyane: mwili hugeuza sehemu ndogo sana ya ALA kuwa EPA na DHA, zile zinazopatikana kwenye samaki wenye mafuta. Kitani hakichukui nafasi ya samaki.

Unga wake unaingia kwenye uji ukishaiva, kwenye mtindi, supu nzito, kinyunya cha mkate. Ukikutana na maji unatoa ute, ndiyo maana kijiko kikubwa kimoja cha unga na vitatu vya maji, vikikaa dakika kumi, vinashika keki au pankeki mahali pa yai moja. Havitaumua keki kama yai, lakini vitashika.

Kuhusu kuhifadhi, saga kidogo kidogo, weka kwenye chupa iliyofungwa vizuri, iwe friji au friza. Mafuta ya kitani ndiyo yale yale yanayotumiwa na mafundi wa rangi kwa sababu yanakutana na hewa na kukauka. Unga ukianza kunuka kama rangi ya mafuta au kuwa mchungu, tupa. Usijaribu kuuokoa kwa asali.

Ufuta una utata wake. Ukisoma kwamba gramu 100 zina karibu miligramu 970 za kalsiamu, hiyo ni ya ufuta wenye ganda. Ule mweupe uliomenywa una kiasi kidogo sana ukilinganisha. Halafu hiyo ya kwenye ganda sehemu yake imeshikwa na oksalati, mwili hauipati yote. Kwa hiyo ni nyongeza nzuri, lakini anayesema vijiko viwili vya ufuta vinatosha badala ya maziwa anapiga hesabu ya kwenye karatasi. Ukaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, hadi harufu ibadilike, kisha utwange nusu nusu na chumvi. Nyunyizia kwenye wali, mboga za majani, viazi vya kuchemsha. Ukitwangwa unatoa ladha ambayo mbegu nzima haitoi.

Mbegu za maboga na alizeti sina maneno mengi. Za maboga zina karibu gramu 30 za protini kwa gramu 100 na magnesiamu ya kutosha, zaidi ya miligramu 500. Za alizeti, konzi moja ya gramu 30 inakupa kama miligramu 10 za vitamini E, na mtu mzima anahitaji 15 kwa siku. Kaanga bila mafuta, tupia juu ya supu au saladi. Basi. Kumbuka tu kwamba mbegu hizi zote ni mafuta: gramu 100 ni kilokalori 550 hadi 600. Ukiziongeza bila kupunguza kitu kingine, mizani itakuambia.

Kuotesha ni habari nyingine. Punje ikinywa maji, vimeng'enya vilivyolala vinaamka. Fitase inaanza kukata fitati, hivyo madini ya chuma na zinki yanakuwa rahisi kufyonzwa. Amilase inakata wanga kuwa sukari ndogo ndogo. Rafinosi na stakiosi, zile sukari za jamii ya kunde zinazojaza gesi tumboni, zinapungua. Vitamini C, ambayo kwenye punje kavu karibu haipo, inaanza kutengenezwa.

Loweka usiku kucha, saa 8 hadi 12. Mwaga maji, suuza, acha punje ziwe na unyevu bila kuogelea, suuza tena asubuhi na jioni. Kwa ngano siku moja au mbili zinatosha. Kamzizi kakifika urefu wa punje, simamisha. Adesi na choroko ni siku mbili hadi nne, kutegemea joto la chumba na unavyopenda.

Wenye uzoefu karibuni. Wenye ubishi pia karibuni.

#2 Mtazamaji

Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu msinyamaze tafadhali.

#3 MamaPacha

Asante mkuu kwa bandiko. Mimi nina watoto wawili wa miezi kumi. Uji ukiwa mzito wanautema, ukiwa mwepesi wanakunywa vizuri lakini baada ya muda mfupi njaa inarudi. Nimeambiwa niongeze maziwa, niongeze siagi, wengine wanasema niwaoteshee nafaka. Hii ya kuotesha inasaidiaje hasa?

#4 Msaga_Unga

Dada MamaPacha, unachohitaji ni kimea, na hiyo amilase aliyoitaja Kijiko ndiyo itakayokufanyia kazi.

Wanga ukipikwa unavimba na kushika maji. Ndiyo maana uji wenye unga wa kutosha unakuwa mzito, na ule mwepesi unakuwa maji mengi na unga kidogo. Tumbo la mtoto ni dogo, linajaa kabla hajapata nguvu anazohitaji. Kimea kinavunja huo mnato huku unga wote ukibaki ndani.

Otesha ulezi siku mbili hadi tatu, au ngano kama ulivyoelekezwa juu. Anika ukauke kabisa, hadi punje ukiiuma inavunjika kwa kishindo. Sugua kati ya viganja mizizi ipukutike, pepeta, saga. Hicho ndicho kimea, kinakaa kwenye chupa kavu.

Sasa pika uji wako, na uwe mzito kweli, mwiko ukiinua uji unaanguka vipande. Epua. Subiri upoe kidogo, uwe wa moto bila kutokota, kama nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi. Hapa wengi ndipo wanapokwama: ukitia kimea kwenye uji unaochemka, amilase inakufa papo hapo na hutaona mabadiliko yoyote. Tia kijiko kidogo cha chai kwa kikombe cha uji, koroga taratibu. Pembeni mwa sufuria panaanza kulegea kwanza. Mwiko unakuwa mwepesi mkononi, yale mabonge yanazama, na baada ya dakika chache uji ule ule unamiminika kama mtindi wa kunywa. Onja, utakuta umekuwa mtamu bila sukari, maana wanga umeshaanza kugeuka sukari iitwayo maltosi.

Kisha urudishe motoni uchemke tena dakika tano hadi kumi. Hiyo hatua usiiruke hata kama una haraka. Punje zimekaa na unyevu siku kadhaa, na bakteria nao walikuwa wanapata hali ya hewa nzuri kama mbegu zenyewe.

Watoto wa chini ya miezi sita hawahusiki na haya, wao ni maziwa ya mama. Wako wa miezi kumi wako sawa. Ongeza na hiyo siagi au karanga iliyosagwa laini, kwa sababu kimea hakiongezi mafuta.

#5 MamaPacha

Nimekuelewa kaka, tena umeelezea kama niko jikoni kwako. Ile ya kutotia kwenye uji unaochemka sijawahi kuisikia. Nauliza tena: maziwa je, niyaweke kabla au baada?

#6 Msaga_Unga

Baada ya kimea kufanya kazi, wakati unaurudisha motoni. Ukiyaweka mwanzoni hayaharibu kitu, ila yanapoza uji na utabaki kukisia joto.

#7 Mbishi_Halali

Mimi naomba niwe mtu mbaya kidogo. Kila mahali nasoma eti choroko zikiota "protini inaongezeka mara dufu". Inatoka wapi hiyo protini? Umeweka maji tu. Maji yana naitrojeni? Mbegu imekaa kwenye chupa, haina udongo, haina mbolea. Naona hii ni biashara ya maneno.

#8 Kijiko_Kimoja

Mbishi, hapo umegonga ndipo. Protini haiongezeki. Punje inapoota inachoma sehemu ya wanga wake ili ikue, kwa hiyo ukizikausha na kupima, asilimia ya protini inaonekana imepanda kidogo kwa sababu kingine kimepungua. Kiasi chenyewe ni kile kile.

Na ukizila mbichi zikiwa na maji yake, hesabu inageuka kabisa. Choroko kavu zina karibu gramu 24 za protini kwa gramu 100. Choroko zilizoota zina kama gramu 3, kwa sababu karibu zote ni maji. Upande wa pili, vitamini C inapanda kutoka karibu miligramu 5 hadi 13 hivi kwa gramu 100, hata baada ya maji yote hayo kuingia. Kwa hiyo anayetafuta protini apike choroko nzima. Anayetafuta kitu cha kutafuna, chepesi, kinachosagika vizuri tumboni, aoteshe.

Lakini usitupe kila kitu kwenye pipa moja. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba machipukizi ya brokoli ya siku tatu yana glukorafanini, kemikali ya mmea inayochunguzwa kuhusu kuzuia saratani, mara 10 hadi 100 zaidi ya brokoli iliyokomaa. Hilo lilipimwa. Kutoka hapo kwenda "inatibu saratani" ni mruko ambao wauzaji waliufanya wenyewe.

#9 Mbishi_Halali

Sawa, nimeridhika nusu. Na hilo la madini ya chuma? Ukiotesha ngano unapata damu?

#10 Kijiko_Kimoja

Unapata chuma kilekile, ila kinafyonzwa vizuri zaidi kwa kuwa fitati imepungua. Haiishi yote, na siku moja ya kuloweka haifanyi miujiza. Ukitaka kuongeza zaidi, kula na kitu chenye vitamini C palepale mezani: limau, nyanya mbichi, pilipili hoho, chungwa. Na chai au kahawa isogeze mbele saa moja au mbili baada ya chakula, kwa kuwa tanini zake zinashika chuma. Mtu anakula uji wa lishe wa bei mbaya halafu anaushushia na chai ya rangi nzito. Ameupunguzia kazi mwenyewe.

Mwenye upungufu wa damu uliothibitishwa aende na ushauri wa daktari. Mbegu hazifikii kasi ya dawa.

#11 Nesi_wa_Zamu

Naingilia kabla watu hawajaanza kula machipukizi mabichi kila siku.

Mei 2011 kaskazini mwa Ujerumani ulizuka ugonjwa wa bakteria wa E. coli aina ya O104:H4. Watu zaidi ya 3,800 waliugua Ujerumani peke yake na zaidi ya 50 walifariki, wengi wakiwa figo zimefeli. Mwanzoni lawama zilielekezwa kwenye matango ya Hispania, wakulima wakapata hasara kubwa bure. Mwisho uchunguzi ulifika kwenye machipukizi ya uwatu, na mbegu zake zilikuwa zimeagizwa kutoka Misri. Kabla ya hapo, mwaka 1996, mjini Sakai, Japani, maelfu ya wanafunzi waliugua E. coli O157, na machipukizi ya figili ndiyo yaliyoshukiwa.

Wanaojiuliza kwa nini machipukizi na siyo saladi tu, jibu ni joto na unyevu. Bakteria wachache waliojificha kwenye nyufa za ganda la mbegu wanapewa siku tatu za kuzaliana katika mazingira yale yale unayoyatengeneza ili mbegu iote. Kusuuza hakuwatoi, maana wako ndani ya nyufa. Na machipukizi yenye bakteria hayanuki wala hayabadiliki rangi.

Wajawazito, watoto wadogo, wazee, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka: machipukizi yapikwe hadi yawe moto kweli kweli, siyo kupashwa. Wengine ni hiari yenu, lakini mimi nyumbani kwangu yanapita kwenye sufuria. Utapoteza sehemu ya vitamini C, ile fitati iliyokatwa haitarudi, na zile sukari za gesi hazitarudi. Faida kubwa ya kuotesha inavumilia moto.

#12 Kijiko_Kimoja

Nesi, asante. Hilo la mwisho watu walishike: kuotesha halafu kupika siyo kupoteza kazi. Adesi zilizoota zinaiva haraka sana kuliko kavu. Ukizitia kwenye mchuzi dakika za mwisho kumi au kumi na tano zinatosha, na bado zina mkato zikitafunwa.

#13 chipukizi_la_leo

Za kwangu zinanuka wakuu. Siku ya pili tu harufu kama soksi, na nyingine hazioti kabisa. Nimetumia adesi nyekundu na choroko.

#14 Babu_Jiko

Mwanangu, adesi nyekundu unazozinunua karibu zote zimemenywa na kupasuliwa. Hapo hakuna mche wa kuota, kuna kuoza tu, na hiyo ndiyo harufu yako. Tafuta zile za kahawia au kijani zenye ganda. Vivyo hivyo mchele mweupe hauoti, shayiri iliyosuguliwa haioti, oti zilizobanwa hazioti, choroko zilizopasuliwa haziwezi. Kinachoota ni punje nzima ambayo haikupitishwa kwenye moto.

Choroko zako nazo pengine zinaoga sana. Baada ya kulowekwa usiku, maji yote yaondoke. Chukua chupa yenye mdomo mpana, funga kitambaa chepesi kwa mpira, igeuze mdomo chini kwa mshazari ili matone yadondoke na hewa iingie. Ukiona kidimbwi chini ya chupa baada ya saa moja, hujamwaga. Suuza mara mbili kwa siku, na wakati wa joto kali mara tatu. Usijaze chupa, robo tu, maana zitavimba na kubanana, na zile za katikati zikikosa hewa zinaanza kuchacha.

Manyoya meupe laini kwenye mzizi, yanayolala ukisuuza, ni vinyweleo vya mzizi, wasikutishe watu kuwa ni ukungu. Ukungu unakaa kama utando, unaenea kutoka punje moja kwenda nyingine, na unanuka. Huo unatupwa pamoja na chupa nzima ya siku hiyo, usichambue.

Na jambo moja la kusisitiza: mbegu za kupanda shambani msizitumie jikoni. Nyingi hupakwa dawa ya wadudu na ukungu, na kwa kawaida hutiwa rangi nyekundu, kijani au bluu ili zitambulike. Kuosha hakuondoi.

#15 chipukizi_la_leo

Shikamoo babu. Nimeelewa, kumbe nilikuwa naotesha kitu kilichokufa. Na maharage mekundu je? Nayo niyaoteshe nitie kwenye saladi?

#16 Babu_Jiko

Marahaba. Hapana, hapo simama. Maharage mekundu mabichi yana lektini, aina ya protini yenye sumu, inayoitwa fitohemaglutinini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumlaza mtu akitapika na kuharisha. Kuotesha hakuimalizi. Yaloweke, mwaga maji, yachemshe kwa maji mapya, na yatokote kwa nguvu walau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Wengine wanasema thelathini, na mimi siwapingi. Vile vyombo vya umeme vinavyopika polepole kwa joto la chini ni hatari kwa maharage haya, kwa kuwa joto la nyuzi 80 hivi halivunji ile sumu, na linaweza kuiongeza makali.

#17 Msaga_Unga

Naongeza mtama kwenye orodha ya babu. Mche mchanga wa mtama una durini, kitu ambacho kikivunjika kinatoa sumu ya sianidi. Kimea cha mtama kinatengenezwa tangu zamani, lakini angalieni utaratibu wake: unaoteshwa, unakaushwa, mizizi na miche inasuguliwa na kupepetwa, kisha unga unapikwa. Machipukizi mabichi ya mtama kwenye saladi, hapana kabisa. Asiyetaka mahesabu atumie ulezi au ngano.

#18 Dada_Tanuri

Jamani wa mkate mko wapi? Nina unga wa ngano iliyooteshwa, nimekaushia kwenye oveni moto mdogo na kuusaga mwenyewe. Mkate unaumuka vizuri, rangi nzuri, lakini ndani unanata kisu kama haujaiva. Nimeongeza dakika, bado.

#19 Kijiko_Kimoja

Dada Tanuri, umeiva. Tatizo ni amilase ile ile inayomfurahisha MamaPacha. Wakati kinyunya kinapashwa ndani ya oveni, kabla joto halijaua vimeng'enya, amilase inakata wanga ambao ndio ulipaswa kushika mkate. Unapata kiini chenye mnato. Wasagaji wakubwa wanapima ngano kwa ajili ya hili hili, maana mvua ikinyeshea ngano shambani ikaanza kuotea kwenye suke, mkate wake unakuwa hivyo hivyo.

Tumia unga ulioota asilimia 10 hadi 20 tu, ulobaki uwe unga wa kawaida. Au fanya njia ya pili ambayo mimi naipenda zaidi: usisage. Chukua ngano iliyoota siku moja, kamzizi kanachungulia tu, zikande nzima nzima ndani ya kinyunya. Zinabaki laini na tamu, na kiini hakinati. Juu paka maji, bandika ufuta na alizeti. Mbegu unazotia ndani ya kinyunya ziloweke kwanza, la sivyo zitanyonya maji ya kinyunya na mkate utakauka siku ya pili.

#20 Dada_Tanuri

Asilimia 10! Mimi nilikuwa naweka wote. Najaribu kesho.

#21 Asiyekula_Ngano

Swali la haraka: nimeambiwa ngano ikiota gluteni, ile protini ya ngano, inaisha. Nina ugonjwa wa siliaki, gluteni inaumiza utumbo wangu.

#22 Nesi_wa_Zamu

Haiishi. Inapungua kiasi fulani, na kinachobaki kinatosha kuumiza utumbo wako. Ngano, shayiri na rai (nafaka jamaa ya ngano), zikiwa zimeota au hazijaota, kaa nazo mbali. Ulezi, mchele wa kahawia na mahindi ndiyo uwanja wako, mradi visagwe kwenye mashine isiyosaga ngano.

Na kwa kuwa tumeingia huko: ufuta una mzio wake, na unaweza kuwa mkali. Marekani waliuweka kisheria kuwa kizio kikuu cha tisa mwaka 2021, na kuanzia Januari 1, 2023 lazima uandikwe kwenye pakiti. Ukimpikia mgeni, muulize kabla ya kunyunyiza. Wanaomeza dawa nao wasizimeze pamoja na kitani au chia, maana ule ute unaweza kuchelewesha dawa kufyonzwa, tenganisheni muda. Mwenye kisukari akumbuke kwamba uji uliolainishwa kwa kimea ni wanga uliokwisha kukatwakatwa. Mwepesi mdomoni, mwepesi pia kuingia kwenye damu.

#23 Mtazamaji

Chia haijaongelewa. Mimi nakula kijiko kikavu asubuhi nashushia na maji, tumbo linakuwa safi.

#24 Nesi_wa_Zamu

Acha leo. Chia inabeba maji karibu mara kumi ya uzito wake. Mwaka 2014 madaktari Marekani walieleza kisa cha mwanaume wa miaka 39 aliyefanya hivyo hivyo unavyofanya: kijiko kikavu, glasi ya maji. Zikavimba zikaziba umio, ikabidi zisukumwe kwa kifaa cha kuingizwa kooni. Loweka kwanza, kijiko kimoja kwenye nusu kikombe cha maji au maziwa, koroga, subiri dakika tano koroga tena zisigande chini, kisha acha dakika ishirini. Na uanze na kidogo. Anayetoka kwenye mkate mweupe akaruka moja kwa moja kwenye vijiko vitatu vya chia kwa siku, tumbo lake litamjibu.

#25 Mtazamaji

Nimeacha leo leo.

#26 MamaPacha

Na walio wakubwa kidogo, wenye kuchambua kila chembe kwenye sahani? Mkubwa wangu akiona kitu cheusi kwenye wali anaweka kijiko chini.

#27 Dada_Tanuri

Saga mbegu za maboga hadi ziwe unga, tia kwenye mchuzi wa nyanya wakati unachemka. Unakuwa mzito na wa siagi siagi, na hakuna chembe ya kuchambua. Rangi inakuwa ya kijani kidogo kama nyanya ni chache, kwa hiyo nyanya ziwe nyingi. Ufuta mweupe uliosagwa na limau na kitunguu saumu ni kachumbari ya kuchovyea viazi, hata hawaulizi. Kitani kilichosagwa kinajificha kwenye pankeki. Sharti mtoto asiwe na mzio, na wadogo wa chini ya miaka minne wasipewe mbegu nzima za alizeti au maboga, zinaweza kuwapalia.

#28 Mbishi_Halali

Swali langu la mwisho, halafu nawaachia uwanja. Babu kasema mchele mweupe hauoti. Wa kahawia je? Na kuna haja gani?

#29 Babu_Jiko

Unaota, mradi haukuchemshwa kabla ya kukobolewa. Wajapani wanauza kabisa mchele wa kahawia uliooteshwa, tayari kwenye pakiti. Haja yake kubwa kwa mtu wa jikoni ni ulaini. Wa kahawia wa kawaida unaupika hadi gesi inakaribia kukata na bado unatafunika kama makapi. Ulioota unakuwa laini, una utamu kidogo, na asidi ya gama-aminobutiriki, aina ya asidi ya amino wanayoiandika GABA, inapanda.

Osha, loweka kwenye maji ya uvuguvugu kama nyuzi 35 hadi 40, sehemu yenye joto, kwa karibu saa 20. Badilisha maji mara mbili tatu, yasikae hadi yakaanza kutoa povu. Utaona kwenye ncha moja ya punje kinundu cheupe kimevimba, kama nusu milimita hadi milimita moja. Hapo hapo suuza upike, usisubiri mzizi mrefu. Maji ya kupikia yapunguze kidogo kuliko ulivyozoea, maana punje imekwisha kunywa. Na kama hutapika siku hiyo, uweke friji, upike kesho yake.